Usichemshe hiyo impila: jibu kwa dada wa Durban

"Huu ni mwaka wangu wa tatu Durban, nasuka nywele. Mwanangu wa miaka minne anakohoa, sasa ni wiki ya tatu, na usiku ndiyo inazidi. Jirani yangu, mama wa Kizulu ambaye ametutendea wema mwingi, alinipeleka soko la dawa pale Warwick tukanunua vitu vinne: majani ya umhlonyane, gome la isibhaha, kiazi cha ilabatheka na mzizi wa impila. Anasema impila maana yake ni uzima, nichemshe sana mpaka sumu itoke, kisha mtoto anywe vijiko viwili asubuhi na jioni, na nyingine nimpitishie njia ya haja kubwa. Mimi nina mimba ya miezi miwili na ameniambia ninywe pia, mtoto wa tumboni akae vizuri. Mama mdogo wangu wa Tanga naye anasema miti shamba haina madhara, ni kama mwarobaini tu. Naomba majina ya hizi dawa kwa Kiswahili, na kama ni kweli kuchemsha kunatoa sumu. Bado sijampa chochote."

Dada, umefanya jambo jema sana kuuliza kabla ya kuwasha jiko. Nianze na lile lisilosubiri: hiyo impila usimpe mwanao, na wewe usiinywe. Hata kijiko kimoja, hata ikichemshwa kutwa nzima. Njia ya haja kubwa ndiyo usiijaribu kabisa, kwa sababu inamnyima mtoto hata ile nafasi ya kutapika alichopewa. Hizo dawa nyingine tatu nitazieleza huku mbele. Zina mambo yake, ila haziko kwenye daraja moja na impila.

Umeuliza majina, na ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Kizulu na Kiswahili ni ndugu. Umuthi kwao ni mti na ni dawa pia, kama sisi tunavyosema miti shamba, kwa hiyo mgeni akisikia maneno ya sokoni huhisi yuko nyumbani. Impila nayo imetokana na impilo, yaani uzima. Ukimjulia hali Mzulu atakujibu "ngiyaphila", mimi mzima. Jirani yako hajakudanganya maana ya neno. Lakini jina hilo linaeleza tu kile ambacho wazee walikitumainia kutoka kwenye huo mzizi. Kilichomo ndani yake ni habari nyingine.

Kitaalamu mmea huo unaitwa Callilepis laureola, wa jamii moja na alizeti. Huota kwenye mbuga za nyasi, kuanzia Rasi ya Mashariki, KwaZulu-Natal na Mpumalanga, Eswatini, hadi Msumbiji. Ni kichaka kifupi cha kama sentimita 60, chenye maua ya petali nyeupe zinazozunguka kitovu cheusi chenye rangi ya zambarau. Nyasi zikiungua, ni miongoni mwa mimea inayowahi kuchipua, kwa kuwa chini ya ardhi una kiazi kigumu kama mti ambacho moto haukifikii. Kiazi hicho ndicho dawa inayouzwa, na ndicho sumu. Wazulu huuita pia amafuthomhlaba, Waafrikana huuita wildemagriet. Kwa Kiswahili hauna jina, kwa sababu kwetu hauoti. Mtu akikwambia "hii hata Handeni ipo, tunaiita hivi", jua anazungumzia mmea mwingine.

Sasa sumu yenyewe, na naomba unisome polepole hapa, maana ukielewa inavyofanya kazi hutahitaji kuniamini kwa neno tu.

Karibu kila chembe hai ya mwili ina vijumba vidogo vinavyoitwa mitokondria. Humo ndimo chakula kinamogeuzwa kuwa nguvu, na nguvu hiyo hubebwa na kitu kinachoitwa ATP. ATP ikishatumika hubaki ADP, mithili ya betri iliyokwisha chaji, na lazima irudi ndani ya mitokondria ikachajiwe. Kwenye utando wa ndani wa mitokondria pana mlango maalumu wa kazi hiyo: ADP moja inaingia, ATP moja inatoka, saa zote, usingizini na macho. Impila ina sumu iitwayo atraktilosidi, na umbo lake linaiwezesha kukaa pale pale mlangoni na kuuziba. Chembe inabaki na mafuta ndani ya tangi lakini injini haipati kitu. Ikikosa nguvu kwa saa kadhaa, inakufa. Ini na figo ndivyo vinavyoumia kwanza na vibaya zaidi.

Kwa mtoto kuna pigo jingine linalokuja mapema kuliko kuharibika kwa ini lenyewe. Ini ndilo ghala la sukari ya mwili. Usiku, au mtoto asipokula kwa sababu anaumwa, ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose. Ini lililozibwa mlango linamaliza akiba upesi na haliwezi kutengeneza nyingine. Mtoto wa miaka minne ana akiba ndogo tangu mwanzo. Sukari ya damu inaporomoka, anachanganyikiwa, anapata degedege, anapoteza fahamu. Nyumbani watu wanaweza kudhani ni homa imempanda, au amekumbwa na kitu kibaya, na wakamwongezea dawa ile ile.

Madaktari wa Durban wamekuwa wakieleza visa vya impila tangu miaka ya 1970. Kwa wagonjwa waliofika hospitali sumu ikiwa imeshawashika, zaidi ya nusu walikufa ndani ya saa 24, na kufikia siku ya tano walikuwa wamekufa zaidi ya tisa katika kila kumi. Dawa ya kuifuta sumu hii mwilini haipo. Hospitali inachoweza ni kumpa sukari kwa dripu, kusaidia figo, kudhibiti degedege na kusubiri kuona kama ini litaamka. Ndiyo maana nimeanza na katazo kabla hata ya salamu.

Sumu hii si ya kusini pekee. Morocco na Algeria kuna mbigili wenye sumu hiyo hiyo kwenye mzizi, watu huuita addad, na watoto wameshakufa kwa kutafuna utomvu wake wakidhani ni kama ubani wa kutafuna. Watoto hawa wako mbali na Durban na hawamjui mganga yeyote wa Kizulu, lakini kilichowaua ni kile kile. Kwa hiyo hatusemi kwamba impila ilimdhuru mtoto kwa kuwa ilitolewa na mtu asiyejua, au kwa nia mbaya. Ni kemia ya mzizi.

Tuje kwenye kuchemsha. Wazo la jirani yako halikutoka hewani. Sote tumelelewa tukijua kwamba vipo vyakula vyenye sumu vinavyotengenezwa vikalika. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayovunjika yakichemka sawasawa. Muhogo mchungu unalowekwa, unatwangwa, unakaushwa, na sehemu kubwa ya sumu yake inaondoka. Atraktilosidi haina tabia hiyo. Huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha kiazi cha impila, sumu inahama kutoka kwenye kiazi na kuingia kwenye maji, na maji ndiyo yanayonyweshwa, kiazi kinatupwa. Ukizidisha muda, maji yanapungua na sumu inabaki, kwa hiyo kijiko cha jioni kinakuwa kikali kuliko cha asubuhi. Kwenye maabara, maji yaliyotokana na mzizi huu yamewekwa juu ya chembe za ini la binadamu, na chembe zikafa. Kama ni muhogo, ungemwaga maji ukala muhogo. Hapa ni kinyume: unamwaga muhogo na kunywa maji yake.

Utaniuliza, mbona wazee wameitumia miaka yote hiyo na wapo? Ni swali la haki, na halistahili kujibiwa kwa dharau. Wazulu wameitumia impila kwa kikohozi, kwa minyoo ya tegu, kwa nguvu za kiume, kwa kujikinga na mabaya, na kwa wanawake wenye mimba changa. Kuna desturi ya ukuphalaza, yaani mtu kunywa dawa nyingi kisha kujitapisha, na sehemu ya sumu hutoka hapo hapo kabla haijaingia kwenye damu. Kiasi cha sumu nacho hakilingani kati ya kiazi na kiazi, kwa hiyo huyu anakunywa na kuamka salama, yule anakunywa kinachoonekana kuwa kile kile, na akilala haamki. Mtu mzima wa kilo 70 na mtoto wa kilo 16 wakipewa kijiko kimoja, mtoto amepata zaidi ya mara nne kwa kila kilo ya mwili wake. Na aliyekuwa tayari anaumwa akifa baada ya dawa, kifo huandikiwa ugonjwa. Waliopona husimulia. Waliokufa hawana wa kuwasimulia, na ndivyo sifa ya dawa inavyokua huku makosa yake yakizikwa.

Mama mdogo wa Tanga naye mwambie, kwa heshima zake, kwamba hata mwarobaini una mipaka. Majani ni kitu kimoja, mafuta ya mbegu ni kingine. Malaysia na India watoto wachanga waliwahi kunyweshwa mafuta ya mwarobaini wakapata degedege, ini likaharibika, na wengine wakafa. Mti wa kwetu, tunaoujua kwa jina na kwa uchungu wake, na bado sehemu moja ya mti huo huo inaua. Kwa nini basi mzizi wa ugenini, usio na jina kwetu, uaminiwe kwa kuwa tu umetoka ardhini?

Hizo tatu nyingine sasa.

Umhlonyane ni Artemisia afra. Wasotho na Watswana huita lengana, Waafrikana wilde-als. Huu ndio wenye ndugu kwenye Kiswahili: ni jamii ya pakanga, ile inayotajwa kwa uchungu wake kwenye Mithali na Ufunuo, na mmea wenyewe unaota hata kwenye milima ya Kenya na Tanzania. Majani yana rangi ya kijivu, yamechanika kama manyoya, na ukiyafikicha harufu yake inapanda puani papo hapo. Kusini mwa Afrika ni dawa ya mafua na kikohozi tangu zamani: watu hunywa chai yake, hujifukiza, au husokota jani bichi na kulitia puani. Mtu mzima mwenye afya akitia robo kikombe cha majani mabichi kwenye kikombe cha maji ya moto, akaacha dakika kumi, akachuja na kunywa kwa siku chache, kwa kawaida hapati shida. Lakini majani yana kitu kinachoitwa thuyoni ambacho kikizidi husumbua ubongo na kuleta degedege, na mwenye mimba hatakiwi kabisa kuunywa. Kwa hiyo wewe hapana, na mtoto wa miaka minne pia hapana. Hata kumfukiza sikushauri. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto asiyetulia ni njia ya mkato ya kuungua kifua na mapaja. Kingine, wapo wanaoudhani ndio ule mmea wa dawa ya malaria. Ule ni Artemisia annua, mwingine kabisa, na umhlonyane hautibu malaria.

Isibhaha ni gome la Warburgia salutaris. Watsonga huita shibaha, Wavenda mulanga, na kwa Waafrikana ni peperbasboom, mti wa gome la pilipili, nao hawakukosea: ukilamba kipande ulimi unawaka. Huyu ana ndugu wa damu kwetu, Warburgia ugandensis, ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamasai osokonoi, nao huutafuna kwa kifua, koo na meno. Mtu mzima akitafuna kipande kidogo kama ukucha, hamna neno. Kwa mtoto mdogo ukali huo huchoma kinywa na tumbo, na kikohozi cha wiki tatu hakitaondoka kwa pilipili. Kuna huzuni nyingine hapa. Mti huu umechunwa mpaka umekaribia kwisha porini, kwa sababu gome likivuliwa kuzunguka shina lote mti unakufa umesimama. Majani yake yana ukali wa namna ile ile, na waganga wengi wa sasa wameanza kutumia majani badala ya gome. Siku nyingine mtu mzima wa nyumbani akiihitaji, mwambie aulize majani.

Ilabatheka ni kiazi cha Hypoxis hemerocallidea, huitwa pia inkomfe. Maua yake ni nyota za njano za ncha sita. Kiazi ukikikata kibichi ndani ni cha njano iliyokolea, kisha hewa ikikipiga kinageuka kahawia hadi nyeusi. Ndicho kile kilichovuma kwa jina la "kiazi cha Afrika" Afrika Kusini ilipokuwa ikibishana kuhusu tiba ya UKIMWI mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakitibu virusi. Kwa anayetumia ARV, neno la kweli ni kwamba vipimo vya maabara vilionyesha kinaweza kuingilia vimeng'enya vinavyovunja dawa mwilini, ilhali majaribio madogo kwa watu wenye afya waliopewa efavirenzi, mojawapo ya ARV, hayakuona mabadiliko ya maana. Akimwambia nesi wake kwamba anakitumia, atakuwa amefanya sawa. Kwa mwanao hakina kazi yoyote. Kiweke kando.

Kuhusu mimba yako, nina jambo moja la nyongeza, kwa sababu najua hii impila haitakuwa ya mwisho kuletewa. Utasikia majina kama imbiza na isihlambezo. Hayo si majina ya mimea. Imbiza ni chungu, na pia ni mchanganyiko wowote uliopikwa ndani yake. Isihlambezo ni dawa ya wajawazito, na kila mtengenezaji ana mseto wake: huyu anatia ubani, ambao licha ya jina hilo si ubani wetu wa kufukiza bali ni ua la buluu liitwalo Agapanthus, yule anatia umayime, ambao ni Clivia miniata, mwingine anatia mitano usiyoambiwa. Baadhi ya mimea hii ikijaribiwa maabara hufanya misuli ya mji wa mimba ijikaze. Mimba ya miezi miwili haihitaji kitu cha kuikaza. Inahitaji vidonge vya foliki asidi na vya madini ya chuma kutoka kliniki, na inahitaji kliniki sasa, usingoje tumbo lionekane.

Sasa mtoto, ambaye ndiye sababu ya yote haya. Kikohozi kilichopita wiki mbili si mafua tena hadi kithibitishwe hivyo. Mpeleke kliniki wiki hii, na useme wazi "anakohoa wiki ya tatu", maana Afrika Kusini neno hilo huwafanya wafikirie kifua kikuu, na wanapaswa kumpima. Mweleze nesi kama nyumbani au saluni kuna mtu mzima anayekohoa au anayetumia dawa za TB, kama mtoto amepungua uzito, anatoka jasho usiku, au amepoteza hamu ya kucheza. Watoto wengi hawawezi kutoa makohozi, kwa hiyo hizo habari zako ni sehemu ya kipimo. Jambo la pili ni pumu. Kikohozi kinachozidi usiku na alfajiri, hasa kama kifua kinapiga mluzi, mara nyingi ni pumu. Kama anashinda nawe saluni, akivuta dawa za kupuliza nywele na moshi wa kuchoma ncha za rasta, mtafutie pa kukaa pengine kwa siku chache uone kama usiku unatulia. Liseme hilo pia kliniki.

Wakati unasubiri siku ya kliniki, kijiko kimoja cha chai cha asali kabla ya kulala kinatuliza koo la mtoto aliyezidi mwaka mmoja, na maji ya uvuguvugu mara kwa mara. Mhesabu pumzi akiwa ametulia au amelala: tazama tumbo na kifua vikipanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 40 au zaidi kwa umri wake, au nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta, au hawezi kunywa, au midomo imegeuka rangi, au amelegea, usisubiri kliniki. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Najua wageni wengi huogopa hospitali kwa sababu ya makaratasi. Sheria ya afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inawapa huduma ya bure kwenye vituo vya serikali watoto walio chini ya miaka sita na wajawazito, na Katiba, kifungu cha 27(3), inasema hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Wewe na mwanao mnaingia kote huko. Mlangoni ukikataliwa, omba kumwona msimamizi wa zamu na utaje kifungu hicho.

Umesema hujampa chochote. Lakini watoto huachwa na majirani, na jirani yako ana mzizi wake pia, kwa hiyo ujue cha kufanya. Mtoto akinyweshwa impila, hata kama anacheza vizuri, nenda hospitali pale pale. Dalili hutokea kwa kawaida ndani ya saa 24, ingawa kwa wengine huchelewa siku kadhaa: tumbo kuuma, kutapika, kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, baadaye macho ya njano na mkojo kupungua. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Akiwa macho na anameza, mpe njiani maji ya sukari, vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa juu kwenye glasi ya mililita 200. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu. Usimpe paracetamol, maana ini halihitaji mzigo mwingine. Chukua kipande cha mzizi na ile sufuria kama bado ina maji, na mtamkie daktari neno lenyewe, "impila". Atakayeambiwa "alikunywa dawa za kienyeji" atapoteza muda kuulizia malaria. Atakayeambiwa impila atapima sukari kwanza. Ambulensi ni 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Simu ya ushauri wa sumu ni 0861 555 777.

Mizizi iliyokatwakatwa na kukaushwa hata mtaalamu wa mimea hawezi kuitofautisha kwa macho. Kwa hiyo, dawa yoyote utakayotaka kuinunua baadaye, omba kuona jani au ua lake, uliza jina la Kizulu pamoja na jina la lugha nyingine, sehemu gani ya mmea inatumika, na ilichimbwa wapi. Muuzaji anayeijua kazi yake hakasiriki kuulizwa. Palepale Durban, jirani na bustani ya mimea, ipo Herbari ya KwaZulu-Natal yenye mimea iliyokaushwa tangu karne ya 19, na kazi ya watu wake ni kutambua mimea. Tawi lenye majani na ua linawatosha.

Jirani yako usimkwepe. Amekupeleka sokoni kwa mapenzi, na huenda ana wajukuu wanaokohoa pia. Mwambie umeshauriwa kumpeleka mtoto kupimwa TB kwanza, na umwombe akusindikize, Kizulu chake kitakusaidia pale dirishani. Mkiwa kwenye foleni mweleze habari ya maji ya muhogo, ataielewa upesi. Hicho kiazi cha impila kifunge kwenye mfuko wa plastiki, fundo mbili, ukitie kwenye taka za mji siku lori linapopita. Usikitupe uani, watoto huchimbua. Kisu na ubao ulivyotumia kukikata, kama ulikikata, vioshe kwa sabuni na maji mengi kabla hujakatia mboga.